Bei ya Kilicho Mbali

Wasikilizaji wetu wa Kalemie mjini, wa Moba, na ninyi wa Mpala na vijiji vyote vya kando ya ziwa, wale ambao betri za redio bado zina nguvu, nisikilizeni. Papa na mama mliokwisha kula, vuteni viti. Ambao bukari bado iko motoni, tutazungumza huku mkisonga.

Leo nataka tuongee juu ya pesa tunazotumia kujifurahisha. Sisemi pesa za chakula, wala karo ya watoto, wala dawa. Nasema zile pesa ambazo mtu anazitoa kwa sababu moyo unapenda tu. Nitaanzia Ulaya, halafu nirudi Mpala, maana habari yenyewe ilitoka kwetu ikaenda huko.

Ujerumani, Ubelgiji, Marekani na hata Japani kuna watu ambao wakitoka kazini jioni wanavuta kiti mbele ya sanduku la kioo lililojaa maji, wanakaa kumtazama samaki. Samaki huyo ana mistari mipana, mweusi kwa buluu, na akikomaa anaota nundu kwenye paji la uso kama mzee aliyejaa mawazo. Wataalamu wanamwita Cyphotilapia. Wanaompenda wanamwita Frontosa, na wakitaka kutaja walio bora wanaongeza jina la mahali walikotoka: Frontosa wa Moba, Frontosa wa Kapampa. Ndiyo, Moba hii hii. Kapampa hii hii ya kusini, ambayo ukiitaja Kinshasa utaulizwa iko nchi gani. Wale wa Moba wanauzwa mpaka leo kwa jina la "Zaire Blue". Nchi ilibadilisha jina mwaka 1997, lakini samaki hawakupelekewa taarifa.

Sasa hesabu. Frontosa akikua anapita sentimita 30, na hapendi kukaa peke yake. Anataka kundi, na kundi linataka sanduku la lita 500 au zaidi. Lita 500 ni bidon 25, zile za manjano za lita 20. Mama anayechota maji kila asubuhi anajua huo ni uzito gani. Maji yenyewe hayafai yakitoka bombani, kwa sababu ziwa letu lina ukali wa magadi kwa mbali, kwa hiyo mtu ananunua chumvi za kuyageuza yafanane na ya kwetu. Huko kuna baridi, kwa hiyo ananunua mtambo wa kuyapasha mpaka digrii 25 hivi, usiku na mchana, mwaka mzima. Ananunua pampu ya kuyachuja, ananunua taa, ananunua mchanga, ananunua mawe. Mmesikia vizuri: mawe. Na samaki mwenyewe, kama ni mkubwa aliyetolewa ziwani, anaweza kufika dola mia kadhaa, mmoja tu. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya umeme Ulaya, ule mtambo wa kupasha maji uligeuka kuwa mgeni anayekula kuliko wenye nyumba.

Samaki hawa walifikaje huko? Mwingereza mmoja, J.E.S. Moore, alikuja kulichunguza ziwa miaka ya 1890, akarudi kwao na samaki ndani ya chupa za dawa, waliokufa. Mmoja wao, yule mdogo anayekwangua ukoga kwenye mawe, mwaka 1898 alipewa jina lake: Tropheus moorii. Kuwapeleka wakiwa hai kulikuja baadaye sana. Miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa na makao Bujumbura, alijenga biashara ya kuwasafirisha kwa ndege. Alizunguka mwambao kwa boti, pamoja na mwambao wetu, akaandika vitabu vikubwa juu yao. Kuna samaki wa mawe ambaye wapenzi wa ziwa letu dunia nzima wanamjua kwa jina la brichardi.

Frontosa si wa kuvuliwa kwa ndoana na kutupwa ndooni. Anakaa chini, mara nyingi mita 20, 30 na zaidi. Ukimpandisha ghafla, kifuko cha hewa tumboni kinavimba, anaelea kichwa chini na kufa. Basi wapiga mbizi wanamfungia kwenye kizimba cha wavu, wanampandisha mita chache, wanamwacha azoee, kesho wanampandisha tena. Siku kadhaa kwa safari ya kutoka chini hadi juu tu, kabla hajaona ndege.

Samaki ni yuleyule. Macho ya kumtazama ni mawili, huko na huku. Kwa nini basi jambo moja ni bure kwa mtoto wa Mpala anayening'iniza miguu juu ya jiwe, na ni mshahara mzima kwa mtu wa Hamburg? Jibu langu ni kwamba mtu wa Hamburg halipii samaki, analipia umbali. Analipia kilomita zote za ndege, analipia joto ambalo kwao halipo, magadi ambayo bomba lake halina, mawe ambayo mto wake haukuyasugua hivyo. Anataka kipande cha Tanganyika sebuleni, na kila kitu alichokosa hapo katikati kina bei yake dukani.

Msimcheke sana. Sisi nasi tunalipia umbali, ila umbali wetu unaelekea upande mwingine.

Nendeni Mpala siku ya mechi kubwa ya Uingereza. Kijiji hakina umeme wa kituo cha Bendera kama tulio nao sisi wa mjini siku unapokuwepo. Lakini kuna banda la mabati, kuna jenereta inayokohoa nje, kuna dishi limeelekezwa mbinguni, na ndani vijana wamebanana wakitazama watu wakicheza kwenye mvua ya Manchester. Kijana wa Mpala anajua jina la mchezaji wa akiba wa Arsenal, anajua aliumia goti lipi. Ili amwone, petroli imevuka ziwa, ikapanda tena boti ya mbao kutoka Kalemie. Mwenye dishi amelipa Canal+. Mwenye banda naye hakai pale kwa ajili ya sala. Gharama hizo zote zinakusanywa mlangoni, franka kwa franka.

Niliongea na mmoja wao, kijana wa wavu, mwenye adabu zake. Akaniambia, "Yaya, mimi situmii kitu. Ni kiingilio tu." Nikamwambia haya, tuhesabu. Akachuchumaa, akaanza kuandika mchangani kwa kidole: kiingilio cha Jumamosi, kiingilio cha Jumapili, soda, mega za simu za kujua matokeo ya mechi ambazo banda halikuonyesha, tiketi ya kubashiri, tiketi nyingine ya kurudisha pesa iliyoliwa na tiketi ya kwanza. Jezi akaiacha, akasema ile ni nguo, si burudani. Kabla hatujafika mwisho akaifuta hesabu yote kwa kiganja. "Ukihesabu, raha inakwisha," akasema, akaenda zake.

Hakukosea sana. Kuna raha zinazokufa zikihesabiwa. Lakini angalieni ni zipi: sijaona mtu ambaye raha ya kuogelea ilikwisha kwa sababu aliihesabu.

Na kabla watu wa mjini hawajajiona wana akili kuliko vijana wa Mpala, tuikumbuke sape yetu, ule ushabiki wa mavazi ya gharama. Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan mwaka 2016, aliwafundisha vijana wa Kinshasa kwamba mtu anaweza kulala njaa akiwa amevaa viatu vya Weston kutoka Ufaransa. Mimi nampenda sana Papa Wemba kwa sauti yake. Viatu vile ni umbali mtupu uliotiwa kamba.

Kuna njia nyingine ya kukipata kilicho mbali bila kulipa, na Mpala inaijua kuliko kijiji kingine chochote cha mwambao huu.

Mei 1883 ofisa wa jeshi la Ubelgiji, Émile Storms, alifika kwenye mdomo wa mto Lufuko, hapo Mpala ambapo wazee wanapajua pia kwa jina la Lubanda, akajenga boma kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Storms alikuwa mkusanyaji. Ulaya ya wakati ule kukusanya lilikuwa jambo la heshima kwa mabwana: vipepeo, mikuki, sanamu, mifupa. Desemba 1884 watu wake walimshambulia mtawala Lusinga, aliyekuwa na bunduki zake na biashara yake ya watumwa, wakamwua, wakamkata kichwa. Fuvu la Lusinga lilisafiri mpaka Ubelgiji pamoja na mafuvu ya watawala wengine wawili. Sanamu ya mti iliyokuwa ya ukoo wake ilisafiri pia. Mwaka 1885 boma likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, Storms akarudi kwao, na sanamu za Watabwa, watu wa mwambao huu, zikawa mapambo ya nyumba yake mjini Brussels, karibu na silaha zilizotundikwa ukutani. Baada ya kifo chake mkusanyiko uliingia makumbusho. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe, iliyokuwa imesimama kwenye bustani moja ya mji ule, iliondolewa.

Kwa hiyo mtu akiniambia jambo fulani la kujifurahisha halina gharama, nauliza kwanza: halina gharama kwa nani? Sebule ya Storms ilipambwa bure. Bili ililipwa Lubanda.

Na kijiji hichohicho kilimlea mkusanyaji wa namna nyingine. Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu, alisoma seminari ndogo ya Mpala, na mwaka 1917 akawa padri wa kwanza Mkongo katika Kongo ya Wabelgiji. Kabla ya upadri, mwaka 1910, maandishi yake kuhusu fikra za Wabantu yalikwisha kuchapwa katika jarida la Ubelgiji. Alichokusanya ni mawazo ya watu wake, yale aliyoyasikia tangu utotoni. Vifaa vyake vilikuwa kalamu, karatasi na masikio. Hakumwondolea mtu kitu. Waliompa waliondoka nacho vilevile.

Basi turudi kwenye mfuko wetu. Kama bei ni ya umbali, mtu asiye na pesa aanze na kilicho karibu. Maneno haya ni rahisi kuyasema kwenye kipaza sauti, najua, kwa hiyo tuyapitishe kwenye mambo halisi.

Kwanza, muda. Mvuvi wa ndagala ana kalenda yake isiyoandikwa na serikali. Anavua usiku kwa taa, zamani karaboi, siku hizi taa za betri, kwa sababu ndagala wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa yake haiwavuti tena, basi wavu unakaa nchi kavu. Usiku wa mbalamwezi ndiyo likizo ya Mpala. Watu wako nyumbani, kuna mwanga wa kutosha kutembea bila tochi, na upepo ukitulia unaweza kusikia mtu akikohoa nyumba ya tatu. Ukitafuta saa ya kujifurahisha kijijini, imekwisha kutengwa angani, na haina kiingilio.

Wengi wanaijaza kwa bao. Mashimo yanachimbwa ardhini, kete ni mbegu au vijiwe. Ndugu zetu Waluba wana kisolo chao cha namna hiyo. Bao halidai betri. Linadai kumbukumbu, na ngozi ngumu, maana matusi ya watazamaji ni sehemu ya mchezo. Lakini hapa nitawaudhi papa wengine: mtu anayekaa kwenye bao tangu saa nane mchana mpaka giza, siku ambayo hakuna mbalamwezi wala likizo, nani analipia saa zile? Mama aliyeanika ndagala peke yake, akaloweka muhogo peke yake, akafukuza kunguru peke yake. Mchezo ni bure kwa mchezaji. Tumekwisha kuona mahali pengine hesabu ya namna hiyo.

Nikiwauliza akina mama wa mwambao wanapenda kufanya nini kwa kujifurahisha, wengi wanacheka kwanza. Halafu wanataja vitu ambavyo mikono inaweza kufanya huku mdomo unaongea: kusuka nywele, kusuka mikeka. Angalieni mkeka uliosukwa na mwanamke anayejua, jinsi pembetatu zinavyofuatana kwa safu, nyeusi na nyeupe, zikigusana kwa ncha. Watabwa wana mchoro huo tangu zamani na wanauita balamwezi, na wazee wao waliuchonga kwenye mti na kuuchanja kwenye ngozi. Mtu hawezi kuufanya kwa haraka. Ukikosea kuhesabu ukindu mmoja, pembetatu ya nne inapinda, na jirani ataiona kabla yako. Nimeona mama akifumua kazi ya jioni nzima kwa sababu ya ukindu mmoja, hakuna aliyemlazimisha, mkeka ulikuwa wa kulalia watoto. Nikajua pale kwamba hafanyi kazi za nyumbani. Anajifurahisha kwa ukali, jinsi yule wa Hamburg anavyosafisha kioo chake.

Sasa kwaya. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kuimba kwenye kwaya ndiyo burudani kubwa ya mwambao huu, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Sauti ni yako, haikununuliwa. Mwalimu wa kwaya mara nyingi halipwi kitu. Jioni mbili au tatu kwa juma mnakutana, soprano upande huu, besi upande ule, mnarudia mstari mmoja mpaka popo wanahama. Kwa akili ya kawaida hiki kingekuwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote. Lakini ulizeni wanakwaya. Kuna sare ya Pasaka. Kuna sare ya jubilei ya padri. Kuna kitenge cha tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, ambacho mwanamke asipokivaa siku ile anaonekana kama hana mtu. Kuna mchango wa kinanda, na mchango wa kutengeneza kinanda. Mama mmoja aliyekuwa na sauti ya kufungua madirisha aliacha kwaya yake ilipotangazwa sare nyingine tena. Sauti anayo, aliniambia, kitenge hana.

Tazameni kilichotokea. Wimbo uko karibu, uko kooni. Kitenge ndicho kilicho mbali: cha bei kimechapwa Uholanzi, cha kawaida kimetoka China, kimepita bandari na maghala na boti mpaka kikamfikia yule mama. Zamani hata kitambaa kilikuwa karibu. Hapa Kalemie tulikuwa na Filtisaf, pamba ikisokotwa na kufumwa mjini kwetu, na mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuvaa kitu alichokifuma jirani yake. Mashine zile zilinyamaza miaka mingi iliyopita, na tangu siku ile kila sare ya kwaya ni safari ya bahari.

Maoni yangu, na viongozi wa kwaya wanaweza kunijibu: sare moja, ikae mpaka ipauke. Blauzi nyeupe na kitenge chochote ulicho nacho kwa siku nyingine zote. Mungu hajawahi kuuliza metraji. Kwaya inayompoteza mwimbaji wake bora kwa sababu ya yadi sita imenunua kitambaa ikauza wimbo.

Juu ya gitaa nitasema machache, kwa kuwa vijana wananiandikia wakilalamika kwamba gitaa la umeme na amplifaya havinunuliki. Kweli havinunuliki. Lakini Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, akiwa na gitaa moja kavu lisilo na umeme, dole gumba na kidole cha shahada. Vidole viwili. Kutoka hapo nyimbo zake zilifika Nairobi na mbali zaidi, wapigaji wa Afrika Mashariki wakajifunza kwake. Na kabla mtu hajapata hata gitaa kavu, vijana wa Katanga wamekuwa wakijitengenezea la bati na mbao, nyuzi zikiwa waya za breki ya baiskeli zilizofumuliwa. Linalia vibaya, nakubali. Linalia vibaya kwa miezi michache tu. Vidole vikikomaa linaanza kusikika.

Nimebakiza samaki, kwa sababu kuna kitu nawadai.

Ni ajabu kwamba watu wa nchi za mbali wanajua rangi za samaki wa mawe ya Moba kuliko sisi tunaooga juu yao. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ile ya Frontosa, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Sisi tunamjua vizuri anayeliwa: ndagala, mgebuka, kuhe. Wale wadogo wa kwenye mawe tunawaita "samaki wa mawe" na tunapita.

Hebu mtu ajaribu kuwatazama. Chukua bidon iliyotoboka, ambayo haishiki maji tena. Kata chini, kata juu, upate bomba pana. Chini funika kwa kipande cha kioo cha dirisha au plastiki angavu, ziba kingo kwa lami ile ya kuzibia mitumbwi. Ingia maji ya magotini palipo na mawe, zamisha upande wa kioo, weka uso ndani. Mikunjo ya mawimbi inaondoka na unaona mpaka chini. Nilifanya hivyo na watoto wa Mpala wakati upepo wa kusini ulikuwa umelala. Tuliona samaki mweusi wa kiganja akikwangua ukoga kwenye jiwe lake, na kila mwingine aliyesogea alifukuzwa hadi mpaka fulani usioonekana, halafu mwenye jiwe akarudi kukwangua. Mtoto mmoja akasema, "Huyu ni kama papa yangu na shamba." Wakagombea bidon mpaka nikasahau zamu yangu.

Na kwenye mchanga, palipo na makombe matupu ya konokono, kuna kisa kingine. Kuna samaki mdogo anayelala ndani ya kombe, anataga humo, na ukimtisha anaingia kichwa kwanza. Mmoja wa jamii hiyo, wataalamu wanamwita callipterus, dume lake ni zito zaidi ya mara kumi ya jike. Dume huyo anakusanya makombe kwa mdomo, moja baada ya jingine, anayarundika mbele yake ili majike waje kukaa. Akikosa matupu anaiba ya jirani, na mara nyingine anabeba kombe ambalo jike wa mwenzake bado yumo ndani. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria Storms, samahani.

Tahadhari ni moja na siifanyii mzaha: mamba na kiboko. Msiingie mahali ambapo wazee wa kijiji hawaingii, msiingie machweo, na watoto wasiende bila mkubwa. Upepo wa kusini ukianza kuvuma, kati ya Mei na Septemba, rudini nchi kavu, kwa sababu mawimbi yatawapiga kwenye mawe na hamtaona kitu hata hivyo.

Kinachobaki ni daftari. Nawaomba walimu wa Mpala na wa Moba, na vijana mnaosema hamna la kufanya siku ambayo banda halina petroli: kaeni na wavuvi wazee mwandike majina ya samaki wa mawe, jina la Kitabwa, jina la Kiholoholo, jina la Kiswahili cha hapa, rangi yake, kina anachokaa, na kama analiwa au la. Duniani wanaitwa kwa majina ya Moore na ya Brichard. Majina yao ya nyumbani yako vichwani mwa wazee ambao kila kiangazi wanapungua.

Karatasi mpeni nahodha wa boti yoyote inayokuja Kalemie, aziache hapa redioni kwa mlinzi. Nitayasoma majina hewani Jumatano, yote, pamoja na jina la aliyeyaleta na kijiji chake. Mpala wakisema samaki yule anaitwa hivi na Moba wakisema anaitwa vile, nitasoma yote mawili, mgombane wenyewe. Na viongozi wa kwaya mnaotaka kunijibu kuhusu sare, mlango uko wazi, njooni na mhasibu wenu.